Ukitaka kwenda Ihefu anza na maji: mwongozo kutoka kwa mtu aliyekwama

Watu wengi walilisikia jina Ihefu kwa mpira. Novemba 2022 Yanga wanakuja Mbarali wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, wanapigwa 2-1 pale Highland Estate, nchi nzima ikaanza kuulizana hivi Ihefu ni wapi. Timu ilishahama ikaenda Singida na jina ikabadilisha, ila Ihefu yenyewe haijahama, ipo palepale kwenye bonde la Usangu na matete yake na viboko wake, na sisi watu wa Mbeya ambao ndo majirani wengi hatujawahi kuiona. Tunaijua kwa kupita tu, ukiwa kwenye basi unaenda Dar ukivuka Chimala unatazama kushoto unaona tambarare imeenda mpaka macho yanachoka, unasema aisee, unarudi kwenye simu yako.

Mimi nimeenda mara nne. Mara ya kwanza sikuona hata kiboko mmoja, ntakuelezea kwanini, na mengi ninayoandika hapa nilianza kujifunza siku ile nikiwa na matope mpaka magotini.

Kwanza uielewe, maana usipoielewa utaenda siku mbaya. Ihefu siyo ziwa. Ni beseni. Mito inashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, na Ndembera unatokea upande wa Iringa, yote inafika chini kwenye tambarare ambako hakuna mteremko wa maana, basi inapoteza nguvu, inatawanyika, inakuwa matete na mabwawa na nyasi zilizosimama kwenye maji. Kwa lugha ya semina panaitwa ardhioevu, kule ukisema ardhioevu watakuangalia tu, sema Ihefu. Beseni lina mdomo mmoja, sehemu inaitwa Ng'iriama, na pale pana mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba yanamwagika, Ruaha Mkuu unaendelea na safari kupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Yakishuka chini ya mwamba hayatoki, hata kama ndani beseni bado lina maji kibao. Ndo maana tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi, mto ambao wazee walikuwa wanaujua hauna siku ya kukauka. Maji yanachotwa mengi huku juu kwenye mpunga, beseni halijai inavyotakiwa, mdomo unafunga mapema.

Kwahiyo swali la kwanza kabla ya nauli na gari ni hili, beseni sasa hivi lina maji kiasi gani?

Twende kwenye miezi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba mwishoni au Disemba na kukata Aprili, mwaka mwingine inagusa Mei. Machi na Aprili ndo beseni limejaa kabisa, ndege ni wengi na kuna wageni, korongo weupe waliotoka Ulaya huko wamekimbia baridi, kijani kila mahali, kwenye picha panapendeza balaa. Na ndo miezi ambayo hufiki. Barabara za Usangu ni udongo mweusi, ule tunaouita udongo wa mbuga, ukiwa mkavu una nyufa unaweza kuingiza mkono, ukilowa unakuwa kama ugali ambao haujaiva, unashika tairi halafu unajaza mpaka kwenye madigadi na gari inasimama yenyewe. Mimi nilienda Machi. Tulikuwa hata hatujaufikia mpaka wa hifadhi, tupo njia ya vijijini tu, kijana mmoja wa bodaboda kakaa chini ya mti anatuambia kaka hapo mbele msipite, dereva wetu akajibu hii ni four wheel mdogo wangu. Mita kama mia mbili hivi. Tukachimba, tukakata matawi tukaweka, tukatandika mikeka ya gari chini, gari inazama tu. Saa tisa alasiri akaja mzee na maksai wanne, akafunga mnyororo, akawasemesha kidogo kwa Kisukuma, wakatoa Land Cruiser mle kama wanatoa jembe. Yule kijana wa bodaboda muda wote alikuwa palepale chini ya mti wake, hakucheka kwa sauti, ila alicheka.

Agosti mpaka Oktoba mambo yanageuka, barabara kavu, vumbi, maji yamerudi nyuma na wanyama wote wamebanana kwenye yaliyobaki. Kama shida yako ni kuona wanyama wakubwa, tembo, nyati, viboko, hii ndo miezi yako, ila jiandae na joto na uelewe kuwa utakachoona ni Ihefu ikiwa na njaa.

Mimi napenda katikati. Juni na Julai. Mvua imekata, njia zimeanza kukauka, maji bado yametanda, nyasi hazijawa njano na yungiyungi, maua yale yanayoelea kwenye maji, bado zimechanua. Asubuhi ni baridi ya kuvaa koti, siyo baridi ile ya Uyole ya kutoa machozi, ya kistaarabu, ikifika saa nne unavua. Mtu akiniuliza tarehe namwambia baada ya sabasaba, hapo sijawahi kujuta.

Sasa kibali. Hapa watu wanachanganya sana kwasababu Ihefu zamani ilikuwa inaingilika tu. 1998 Usangu ikawa pori la akiba, 2006 wafugaji wakaondolewa na ng'ombe wao, 2008 pori lote likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndo Ruaha ikapanda mpaka kilomita za mraba 20,226, ilikuwa nusu ya hapo. Kwahiyo ukiingia Ihefu umeingia Ruaha. Huwezi kwenda na pikipiki ya rafiki yako na fimbo ya kuvulia ukasema unatalii, utakamatwa na itakuwa halali yako. Unawasiliana na hifadhi kabla, unawauliza mambo matatu tu: njia ya upande wa Usangu ipi inapitika wiki hii, kuna askari wa kwenda nanyi, na maji yakiwa mengi kuna boti au hamna. Usiulize "kuna wanyama?", wanyama wapo. Malipo hayapokelewi keshi, unapewa control namba unalipa kwa simu au benki, na fanya hivyo ukiwa bado mjini maana mtandao kule una siku zake. Beba kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni, ila lazima uonyeshe we ni Mtanzania, lafudhi peke yake haitoshi (jamaa yetu mmoja alijaribu). Angalia kibali kinaisha saa ngapi, na ujue ndani ya hifadhi hakuna kuendesha usiku.

Kinachokula hela ni gari. Kutoka Mbeya mpaka Rujewa ni lami tupu, saa mbili na kidogo kama malori ya Tunduma yatakuwa na huruma na wewe pale Inyala na Igurusi. Ungeweza kufika na Noah kabisa mpaka Ubaruku. Kuanzia hapo ndo unahitaji gari iliyoinuka, yenye mkonga (lile bomba la hewa linalopanda juu pembeni ya kioo) kama inawezekana, na dereva anayelijua bonde. Nasisitiza dereva kuliko gari. Gari nzuri na dereva wa mjini ndo hadithi yangu ya Machi hiyo. Jikusanyeni watu watano sita mgawane, zaidi ya hapo gari inakuwa na kelele na kila mtu anataka dirisha. Mafuta jaza Rujewa, maji ya kunywa beba kuliko unavyodhani, mimi nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku na huwa zinaisha.

Nguo. Usivae buluu wala nyeusi, nasema hivyo siyo kwa ajili ya fasheni, ni mbung'o. Zile nguo za buluu na nyeusi unazoona zimetundikwa porini ni mitego ya mbung'o, wanazipenda rangi hizo, sasa wewe ukivaa jinzi ya buluu umekuwa mtego unaotembea, na mbung'o anachoma kupitia jinzi vizuri tu. Khaki, kahawia, kijani iliyofifia, mikono mirefu. Ila kijani isiwe ile ya mabaka ya jeshi, raia haruhusiwi kuvaa nchi hii, nishaona mtu anavuliwa shati getini akaingia porini na fulana ya chama. Mifuko ya rambo nayo iache nyumbani, ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na getini wanaangalia. Droni usibebe kabisa kama huna kibali chake. Dawa ya mbu ndiyo, chandarua kama unalala, malaria ya mpunga haina utani.

Darubini. Hapa ndo kuna kitu ambacho kinawatofautisha waliofurahi na waliochoka. Ihefu bila darubini ni nyasi. Serengeti simba analala kando ya barabara unampiga picha kwa simu, huku kila kitu kipo mita mia na hamsini ndani ya matete. Ukipata iliyoandikwa 8x42 inatosha, hizo za namba kubwa 20 na kuendelea zinatikisika mkononi unaona ukungu tu. Azima, nunua mtumba, changeni wawili moja. Na kwenye simu weka programu ya Merlin, ni ya bure, unapiga picha ya ndege inakukisia jina, ila pakiti ya ndege wa huku uishushe ukiwa na bando mjini. Inakosea wakati mwingine, hasa hawa vindege vidogo vya kahawia ambavyo hata wataalamu vinawasumbua.

Haya umefika. Usiendeshe.

Hili ndo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Kwenye mbuga kavu unazunguka kutafuta wanyama, kwenye maji unakaa wanakuja. Tulichokosea safari ya pili ni hicho, tulikuwa tumelipia gari basi tukaona kila dakika gari isipotembea ni hasara, tumezunguka siku nzima tunaona migongo ya vitu vinavyokimbia. Safari ya tatu askari tuliyekuwa naye, mtu mzima hivi, akasema wanangu zimeni gari. Tukazima. Mahali pa kawaida tu, bwawa dogo lina yungiyungi. Dakika kumi za kwanza hamna kitu, mmoja wetu akaanza kufungua karanga, akaangaliwa. Dakika ya kumi na tano hivi ndo maji yakaanza kusahau kwamba sisi tupo.

Akatokea kindege kimoja cha kahawia iliyokolea, shingo nyeupe mbele, kipaji cha uso buluu kama kimepakwa rangi, vidole virefu kupita kiasi, virefu hadi vinachekesha, kinatembea juu ya majani ya yungiyungi kama mtu anayevuka sebule aliyoambiwa imedekiwa. Vile vidole ndo vinamgawanyia uzito jani lisizame. Kikasimama. Sasa angalia miguu, askari akanong'ona. Nikaangalia na darubini, miguu ilikuwa mingi. Nahesabu, sita, nane, inaning'inia chini ya mbawa. Nikadhani macho. Kumbe ni watoto, kakumbatia watoto kwapani kawabeba, vichwa vipo ndani, miguu tu ndo ipo nje inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Na huyo ni baba. Mama anataga anaenda zake kutafuta mume mwingine, baba ndo analalia mayai na kulea. Askari akasema kwa sauti ndogo, huyu Ustawi wa Jamii hawamjui. Tulicheka kimoyomoyo mpaka gari ikatikisika.

Hicho huwezi kukiona gari ikitembea, hata kwa bahati.

Kwahiyo utaratibu wangu sasa ni huu: saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye maji, jua liwe mgongoni kwangu ili liangaze ndege na siyo macho yangu, nazima gari, nakaa nusu saa bila kuongea, kisha nahamia sehemu nyingine moja, basi. Vituo vitatu kwa asubuhi vinatosha. Saa tano jua likiwa kali kila mtu porini analala, na wewe lala. Saa kumi jioni unarudi kwenye kile kituo kilichokuwa kizuri, siyo kipya.

Kuwatambua ndege usianze na rangi, rangi inadanganya, anza na anafanya nini. Anayesimama kimya kwenye maji kwa dakika kumi kama mlinzi wa benki, huyo ni wa jamii ya korongo anasubiri samaki. Anayening'inia juu ya maji anapiga mbawa sehemu moja halafu anadondoka kama jiwe, mdiria. Aliyetulia juu ya mti mkavu kichwa cheupe mwili wa kahawia ni furukombe, na huyo utamsikia kabla ya kumuona, anarusha kichwa nyuma anapiga yowe ambalo nywele zinasimama. Yangeyange unawajua, weupe wanaofuata ng'ombe, huku wanafuata nyati, kazi ni ileile ya kula wadudu wanaorushwa na kwato. Ukiona rundo la vijiti juu ya mti kubwa kama tenga la kuku usidhani ni takataka zimeletwa na mafuriko, ni nyumba ya fundichuma, ndege mwenyewe hata si mkubwa, na wazee wa sehemu nyingi wanakataza kuigusa, kwamba utapata mkosi. Mkosi sijui, ila usiiguse. Na korongo taji, wale wenye taji la dhahabu kichwani, ukiwakuta wawili wanarukaruka wanainamiana usiwasogelee, wanacheza. Wanapungua sana duniani, mojawapo ya sababu ni watu kuwakamata kwenda kuwafuga kwenye mabustani. Mtu akikuletea kifaranga barabarani anakuuzia usinunue hata kwa huruma, ukinunua ataenda kuleta mwingine.

Wanyama wakubwa nisikuchoshe, kuna tembo, nyati, kuro, pundamilia, twiga, simba yupo ila usimtegemee. Kiboko ndo mwenye mji na ndo wa kuogopa. Watu wanamuona mnene wanadhani mzembe. Usiku anatoka kwenye maji anaenda kula majani, kilo kama 40 kwa usiku mmoja, asubuhi anarudi kwa njia yake ileile, na njia hizo utaziona, mitaro miwili sambamba na katikati majani yamesimama. Usisimame kwenye njia hiyo alfajiri. Yeye akishtuka anakimbilia majini, na wewe ukiwa katikati yake na maji hakuzunguki. Ukimuona anapiga mwayo hajachoka wala hana usingizi, anakuonyesha meno uyahesabu. Na kwenye kingo za maji usiende kunawa, usiende kuchovya miguu kwa ajili ya picha. Mamba haonekani, hiyo ndo kazi yake, halafu hata pasipo mamba kuna kichocho, maji yaliyotuama ya Usangu pamoja na ya majaruba ya mpunga ni ya kuyaheshimu. Ukishuka kwenye gari shuka aliposema askari, kaa nyuma yake, akikwambia simama simama na mguu mmoja hewani.

Vipi kama huna hela ya gari na kibali? Nenda hata hivyo, ila usiingie hifadhini. Panda Coaster mpaka Rujewa, chukua bodaboda mpaka Ubaruku, tembea kwenye kingo za majaruba ya mpunga kuanzia saa kumi na mbili, omba ruhusa kwanza kwa mwenye shamba. Bure kabisa. Mpunga ukiwa na maji ni Ihefu ndogo, ndege wengi wa kule ndani wanakuja kula huku. Hapo ndo nilimuona kwa karibu yule korongo mweusi ambaye mdomo wake haufungi katikati, ameufumba lakini kuna mwanya unapitisha mwanga, nikadhani mlemavu masikini. Mdomo ule ndo kifaa chake cha kazi, anakula konokono, anamtoa nyama mara nyingi bila kuvunja nyumba. Wakulima wanampenda. Ambaye hawampendi ni kwelea kwelea, hao wakishuka ni wingu, sauti kama mvua ya mawe imeangukia bati, na shamba la ekari mbili linaweza kuwa makapi. Mpunga ukianza kuiva utakuta watoto na akina mama wanaamia ndege toka alfajiri mpaka magharibi, wamepanda kwenye vichanja na makombeo na makopo ya kugonga. Ukifika wakati huo usiwe mtalii kupita kiasi, wewe unasema waoo wamependeza, mwenzio anaona ada ya shule inaruka. Mama mmoja aliniuliza umetoka Mbeya kuja kuangalia ndege? Nikasema ndiyo mama. Akanipa kopo nigonge. Nimegonga saa nzima.

Na hapo niseme la watu, maana miongozo mingi inaandika kama vile porini hamna watu. Vijiji vya kuzunguka Ihefu vina historia ya kuhamishwa, wengine familia zao zilikuwa mle ndani kabla hapajawa hifadhi, ng'ombe walikufa kwenye ule uhamisho, na mipaka imeendelea kuguswa mpaka 2023. Wapo Wasangu wenye nchi, wapo Wasukuma, Wamasai, Wamang'ati, Wabena na Wahehe waliokuja kulima. Kila mtu ana maoni yake juu ya maji na ng'ombe na mpunga na kila mmoja ana hoja. Usifike na kamera unauliza mifugo ni wangapi na malisho yanapatikana wapi, utaonekana mpelelezi, na ni haki yao. Salimia, shikamoo kwa wazee isipungue, ukikaribishwa togwa kunywa, wakitaka kusimulia watasimulia wenyewe. Mzee wa maksai yule wa Machi ndo alinielezea habari ya mwamba wa Ng'iriama mara ya kwanza, kachora kwenye udongo na fimbo, beseni na mdomo wake, hakuna ramani niliyoiona baadaye iliyokuwa safi kama ile.

Kama uko Iringa na Mbarali ni mbali kwako, nenda Ruaha kwa upande wa Msembe, ni kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini kupitia Tungamalenga. Huko siyo Ihefu ila ni maji yaleyale yaliyopita kwenye mwamba, au yaliyoshindwa kupita. Nenda Oktoba uone mto umekatika vipande vipande vya madimbwi, viboko wamebanana wamegandana kama magunia sokoni, tembo wanachimba mchanga wa mto mkavu kwa miguu na mkonga mpaka maji yanachuruzika, wakimaliza kunywa wanyama wadogo wanapanga foleni. Ndege pia ni wa kumwaga, hifadhi nzima ina aina zaidi ya 570.

Kitulo nayo watu wananiuliza, ndiyo ina sehemu za tindiga tindiga huko juu, ila ni safari nyingine kabisa, ya maua na baridi, nenda Januari au Februari uone ndege kama tandawala na mbayuwayu wa buluu, usiichanganye kwenye wikiendi moja na Ihefu utaharibu zote mbili.

La mwisho ni la kurudi. Toka kwenye maji mapema ili giza likukute kwenye lami na siyo kwenye njia za ng'ombe. Ukiwa unarudi Mbeya simama Igurusi ununue mchele, huo uliokunyima maji kule chini ndo huo, na ni mtamu, sina la kusema. Mwambie akupimie debe mbele ya macho yako na asilitikise kabla hajajaza, alitikise baada ya kujaza kisha aongeze. Na matope ya Usangu yakikaukia kwenye kiatu usiloweke, yaache yakauke kabisa siku mbili, halafu gonga viatu ukutani, yanadondoka yote kama maganda.